"Haiwaki": Ufasiri wa Jumbe za Hitilafu katika Usakinishaji wa Mifumo ya Jamii ya Unix kwenye Kompyuta Kuukuu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu pale ambapo mfumo endeshi wa jamii ya Unix, hususan Linux, unashindwa kusakinishwa au kuwaka katika kompyuta ya zamani. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hiyo huanza kwa kusoma kabla ya kufikia bisibisi. Kompyuta inayogoma huwa imekwisha kusema jambo, na fundi anayeweza kutambua ni sehemu ipi ya kompyuta iliyosema mwisho huwa ameondoa sababu nyingi zisizohusika. Mifano imetolewa katika kipakizi cha LILO, kiini cha Linux na vichakataji vya Pentium M. Sehemu ya mwisho inajadili istilahi za Kiswahili ambazo huficha tofauti anazozihitaji fundi, na athari za kasoro hiyo kwa uamuzi wa kutupa au kubakiza kompyuta za shule na ofisi za umma.

Istilahi muhimu: mfumo endeshi, kipakizi, kiini, kiendeshi, programu dhibiti, ufasiri wa hitilafu

1. Kitenzi kimoja, hali tano

Popote Kiswahili kinapotumika katika kanda hii, mtu anayempelekea fundi kompyuta iliyoharibika humpa maelezo ya neno moja: "Haiwaki." Fundi hulikubali neno hilo, hulinakili katika daftari lake, na mara nyingi huo ndio mwisho wa taarifa zote zinazoandamana na mashine hadi inapotengenezwa au kutupwa. Hata hivyo, neno hilo moja hubeba hali zisizopungua tano. Huenda umeme haufiki kabisa. Huenda umeme unafika, feni inazunguka, lakini skrini haionyeshi chochote. Huenda nembo ya mtengenezaji inaonekana, kisha kimya. Huenda mistari ya maandishi inapita kwa kasi na kusimama ghafla mahali fulani. Na huenda kompyuta imewaka kikamilifu, inasubiri amri, ila picha tu ndiyo haijafika kwenye skrini.

Hali hizi tano hazina tiba moja. Ya kwanza humtaka fundi ashughulikie waya na kigeuza umeme; ya tano hutibiwa kwa kuandika neno moja katika mstari wa kuwashia. Anayezichanganya anaweza kununua diski mpya kwa ajili ya kompyuta ambayo diski yake ni nzima. Kwa shule iliyopokea kompyuta thelathini za mtumba, kosa la namna hiyo likirudiwa mara thelathini huwa ni bajeti nzima ya mwaka.

Mifumo ya jamii ya Unix inahusika hapa kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa pale ambapo kompyuta imezeeka kiasi kwamba mfumo uliokuja nayo hauungwi tena mkono na mtengenezaji. Jambo hilo lina mizizi katika historia yenyewe ya Unix. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuuandika mfumo huo katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, waliuandika kwenye mashine ya PDP-7 ambayo ilikuwa haitumiki sana na tayari ilikuwa imepitwa na wakati. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilizaliwa kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Hata hivyo, sifa ya kwamba Linux "huingia kwenye kompyuta yoyote" imepungua ukweli wake kadiri miaka ilivyopita, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.

2. Mnyororo wa kukabidhiana

Uwashaji wa kompyuta ya kizamani unafanana na mbio za kupokezana vijiti. Anayeanza ni BIOS, yaani programu dhibiti iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama. BIOS hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski iliyopangwa kuwashia. Sekta hiyo ina ukubwa wa baiti 512 tu. Kati ya hizo, 64 ni za jedwali la sehemu za diski, 2 ni za alama ya kuthibitisha, na 446 zilizobaki ndizo zenye maelekezo ya mwanzo ya programu inayofuata. Aya hii pekee ina herufi nyingi kuliko nafasi hiyo.

Programu inayofuata itaitwa hapa kipakizi, kwa kuwa kazi yake ni kukipakia kiini cha mfumo kutoka kwenye diski hadi kwenye kumbukumbu. Kipakizi kikishamaliza, hukiachia kiini madaraka yote. Kiini huvitambua vifaa, hufungua mfumo mdogo wa muda wa mafaili uliopakiwa pamoja nacho, huutumia kutafuta viendeshi vya diski, kisha huhamia kwenye mfumo halisi wa mafaili na kuanzisha mchakato wa kwanza, ule wenye namba 1. Mchakato huo ndio unaoziamsha huduma nyingine zote, pamoja na ile inayochora madirisha.

Kila mpokeaji wa kijiti ana namna yake ya kusema. BIOS huzungumza kwa milio na sentensi fupi zilizoandikwa na mtengenezaji wa kompyuta. Kipakizi huzungumza kwa herufi au namba. Kiini huandika mistari inayoanza na muda katika mabano, ukihesabiwa kwa sekunde tangu kilipoanza kazi. Huduma hutangaza jina lake na kusema imefaulu au imeshindwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri wa hitilafu ni hili: aliyesema mwisho ni nani? Ikiwa wa mwisho ni BIOS, hakuna faida ya kuhariri mafaili ya Linux. Ikiwa wa mwisho ni kiini, basi BIOS, sekta ya kwanza na kipakizi vimefanya kazi yao, na mwenye kuvigusa tena anaongeza hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kuna jambo moja linalotangulia mnyororo huu, nalo ni chombo cha kusakinishia. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 haziwezi kuwaka kutoka kwenye flashi, au huweza kwa flashi fulani tu, hivyo CD hubaki kuwa njia ya kuaminika. Faili la usakinishaji halinakiliwi kwenye flashi au CD kama barua inavyonakiliwa. Huandikwa sekta kwa sekta. Na kabla ya kuandikwa, jumla yake ya uhakiki hulinganishwa na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Hatua hiyo huchukua dakika chache, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

3. Herufi nne

Mfano bora wa lugha ya vipakizi ni LILO, kipakizi kilichoandikwa na Werner Almesberger mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambacho uendelezaji wake ulisimama mwishoni mwa mwaka 2015. Bado hukutwa katika kompyuta zilizosakinishwa zamani, na hata kama kisingekutwa tena, kingestahili kusomwa na mtu yeyote anayeshughulika na ishara.

Tatizo lililomkabili mwandishi wake lilikuwa la nafasi. Katika baiti 446 hamna pa kuweka sentensi za kueleza makosa. Ufumbuzi wake ulikuwa kulitumia jina lenyewe la programu kama kipimo cha safari. Kila hatua inapokamilika, herufi moja ya jina huandikwa kwenye skrini. Jina likikamilika, yaani LILO, hatua zote zimefaulu. Jina likikatika, mahali lilipokatikia ndipo penye hitilafu.

Skrini isiyo na herufi yoyote inaonyesha kwamba kipakizi hakikufikiwa kabisa: ama hakikusakinishwa, ama sehemu ya diski kilimowekwa siyo inayowashwa. Herufi L peke yake, ikifuatwa na namba zinazojirudia, inaonyesha kuwa hatua ya kwanza imeanza lakini imeshindwa kuisoma hatua ya pili kutoka kwenye diski; namba hizo ni msimbo wa BIOS unaotaja aina ya kushindwa. LI inaonyesha kwamba hatua ya pili imesomwa lakini haikuweza kuendeshwa, jambo linalotokea hasa pale BIOS na LILO zinapotofautiana kuhusu umbo la diski, au pale mafaili ya kipakizi yalipohamishwa bila LILO kujulishwa. LIL inaonyesha kwamba hatua ya pili imeanza lakini haikuweza kulisoma jedwali la maelezo katika faili la ramani. Kiulizo baada ya LIL kinaonyesha kuwa hatua ya pili imepakiwa mahali pasipo pake; kistari baada yake kinaonyesha jedwali lililoharibika.

Mtu asiyejua mpango huu, akiona LI kwenye skrini nyeusi, husema kompyuta "imeganda". Anayeujua huwa na taarifa ya kutosha kuandika sentensi nzima: diski inasomeka, sekta ya kwanza ni nzima, hatua ya pili imefikiwa lakini anwani zake haziafikiani na hali halisi ya diski, washa kwa CD, kisha usakinishe upya kipakizi. Ni nadra kukuta herufi mbili zenye maana nzito kiasi hicho katika lugha yoyote ya binadamu.

GRUB, kilichochukua nafasi ya LILO katika mifumo mingi, kilianza na utaratibu wa namba. Katika toleo lake la kale, namba 15 ilikuwa na maana kwamba faili halikuonekana, 17 kwamba sehemu ya diski iliyochaguliwa haikuweza kufunguliwa, na 18 kwamba silinda iliyotakiwa inazidi upeo wa BIOS. Toleo la pili linatumia maneno, na likikwama huacha kidokezo kinachomwalika fundi kuandika amri chache za uokozi.

Namba 18 inahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa imewapoteza wengi. BIOS za zamani ziliihesabu diski kwa silinda, vichwa na sekta, na hazikuweza kuvuka silinda 1024. Kwa vichwa 255, sekta 63 na baiti 512 kwa kila sekta, upeo huo ni takribani gigabaiti 8.4. Mfumo wa hesabu uliofuata ulitumia namba ya biti 28 kwa kila sekta, na ukomo wake ni sekta 268,435,456, sawa na gigabaiti 137. Kiini cha Linux hakifungwi na mipaka ya BIOS, kwa kuwa huongea na diski moja kwa moja. Kipakizi ndicho kinachofungwa, kwa sababu hutegemea BIOS kusoma.

Matokeo yake ni hitilafu yenye tabia ya ajabu. Kompyuta husakinishwa vizuri, hufanya kazi kwa miezi, kisha siku moja baada ya sasisho la kawaida inakataa kuwaka. Mtumiaji hulaumu sasisho, au virusi, au umeme wa jana. Kilichotokea ni kwamba faili la kiini cha awali liliangukia mwanzoni mwa diski, ndani ya upeo wa BIOS, na faili la kiini kipya likaangukia ng'ambo ya upeo huo. Dawa ni kutenga sehemu ndogo mwanzoni mwa diski kwa ajili ya mafaili ya kuwashia pekee, na inafaa itengwe siku ya kwanza ya usakinishaji.

4. Namba mbili katika mabano, na kiendeshi chenye maana mbili

Kiini kikishachukua kijiti, kauli inayoogopwa kuliko zote ni ile ya kutangaza hofu na kusimama. Mara nyingi, katika usakinishaji ulioshindikana, kauli hiyo husema kwamba kiini hakikuweza kuufungua mfumo mkuu wa mafaili kwenye kifaa kisichojulikana, kisha hufuata namba mbili katika mabano. Watu wengi husoma neno la hofu na kuishia hapo. Habari yote iko katika namba.

Namba ya kwanza hutaja aina ya kifaa, na ya pili hutaja kifaa chenyewe au sehemu yake. Zikiwa 8 na 1, kiini kimeiona diski ya kwanza na sehemu yake ya kwanza, ila hakielewi namna mafaili yalivyopangwa ndani yake. Zikiwa 0 na 0, kiini hakijaona diski yoyote iliyolingana na ile iliyotajwa. Diski inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni programu ya kuzungumza nayo. Sababu ya kawaida katika kompyuta ndogo ni kwamba sehemu ya mafaili ya kuwashia ilijaa wakati wa sasisho, mfumo wa muda wenye viendeshi ukashindwa kuandikwa, na kiini kikaondoka mikono mitupu. Anayelijua hilo huchagua kiini cha awali kwenye orodha ya kipakizi, hufuta viini vya zamani visivyohitajika, kisha hutengeneza upya mfumo wa muda.

Chanzo kingine ni cha kihistoria. Takribani miaka ya 2006 na 2007, viini vya Linux vilibadilisha njia ya kushughulikia diski za IDE, na diski iliyokuwa ikiitwa hda ikawa sda. Mafaili ya usanidi yaliyotaja jina la kale yaliachwa yakiita mtu ambaye haitiki tena kwa jina hilo. Kwa sababu hiyo mifumo mingi ilihamia kwenye utambulisho wa namba ndefu za kipekee zilizoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia moja kwa moja katika utambuzi wa hitilafu. Katika tafsiri nyingi za programu, neno kiendeshi hutumika kwa vitu viwili: kifaa cha kuhifadhia, yaani diski yenyewe au kitundu cha CD, na programu inayokiwezesha kiini kuzungumza na kifaa. Sentensi "kiendeshi hakikupatikana" kwa hiyo humwelekeza fundi pande mbili zinazopingana. Kwa maana ya kwanza, afungue kasha akague waya na diski. Kwa maana ya pili, asiguse chochote ndani ya kasha, atafute programu. Kiini kilichosema 0 na 0 kilikuwa kimeleta habari ya maana ya pili, na tafsiri isiyo makini huigeuza kuwa ya maana ya kwanza.

Neno kumbukumbu lina ugonjwa uo huo, pengine mkali zaidi. Hutumika kwa chipu zinazohifadhi data wakati kompyuta imewaka, kwa nafasi ya kudumu katika diski au simu, na kwa daftari la matukio ambamo mfumo huandika kila kilichotokea. Mtu akiambiwa "angalia kumbukumbu", anaweza kufungua kasha, kufuta picha zake, au kusoma faili. Matatu hayo hayana uhusiano.

5. Uwezo usiotangazwa

Kompyuta za mkononi zilizotumia kichakataji cha Pentium M, kilichoanza kuuzwa mwaka 2003, zilikuwa imara, na nyingi ziliishia katika soko la mtumba. Baadhi yake zina tatizo la kipekee. Kiini cha kisasa cha biti 32 kinapoanza, hukiuliza kichakataji kama kina PAE, yaani uwezo wa kupanua anwani za kumbukumbu kutoka biti 32 hadi 36, ambao ungeruhusu gigabaiti 64 badala ya 4. Baadhi ya Pentium M hujibu kwa kunyamaza. Kiini husema kwamba sifa inayotakiwa haimo katika kichakataji hiki, kisha husimama.

Anayesoma kauli hiyo kwa juu juu hufikia uamuzi kwamba kompyuta imekwisha. Lakini katika nyingi ya mashine hizo uwezo wenyewe umo ndani ya kichakataji na unafanya kazi. Kinachokosekana ni alama ya kuutangaza. Watengenezaji wa kiini walilitambua hilo, na tangu mwaka 2014 kuna neno la kuandika katika mstari wa kuwashia, forcepae, linalokiamuru kiini kuutumia uwezo huo pasipo kusubiri utangazwe. Kiini hutii, huku kikiandika onyo kwamba mtumiaji amejitwika dhamana. Njia nyingine ni kutumia kiini kisichohitaji PAE, ambacho Debian iliendelea kukitoa hadi toleo la 12 la mwaka 2023. Inafaa kusemwa kwamba mashine hizi kwa kawaida hazipokei zaidi ya gigabaiti 2 za kumbukumbu, hivyo zinakataliwa kwa kukosa kutangaza sifa ambayo upana wake hazingeutumia kamwe.

Kinyume cha tatizo hilo ni kompyuta inayodhaniwa kuwa duni kuliko ilivyo. Kompyuta nyingi za kuanzia mwaka 2006, zenye vichakataji vya Core 2 Duo, ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32, na katika orodha za mali huandikwa hivyo. Kichakataji chenyewe ni cha biti 64. Ukweli huo unaonekana katika faili ambamo kiini huorodhesha sifa za kichakataji: zikiwamo herufi lm, mashine inapokea mfumo wa biti 64.

Tofauti hiyo imepata uzito wa kisera hivi karibuni. Ubuntu iliacha kutoa diski za kusakinishia za biti 32 kwa kompyuta za mezani mwaka 2017. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha biti 32 kwa vichakataji vya jamii ya Intel. NetBSD na OpenBSD, ambazo nazo ni za jamii ya Unix, bado zinavihudumia, lakini wataalamu wake katika kanda hii ni wachache kuliko wa Linux. Ofisi inayosoma "biti 32" katika orodha ya mali na kuamua kutupa, bila kuzitafuta herufi mbili, huenda inatupa kompyuta ambazo zingepokea mfumo wa mwaka huu.

Kwa upande mwingine, kuwaka si kufaa. Pentium III haina maelekezo ya SSE2 ambayo vivinjari vya leo vinayadai. Mfumo husakinishwa, madirisha hufunguka, ila kivinjari hufa mara kinapobofywa, kikiacha neno la kulalamikia maelekezo yasiyo halali. Hakuna tiba ya programu kwa hali hiyo inayostahili muda wa mwalimu. Mashine kama hiyo ipewe kazi ya kuandikia au kuhifadhia mafaili.

6. Saa iliyorudi nyuma

Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ya aina ya CR2032 katika kompyuta nyingi, huitunza saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikiamini kwamba ni mwaka wa kutengenezwa kwake au wa nyuma zaidi. Hitilafu zinazofuata hazitaji saa hata kidogo. Kisakinishi kinasema sahihi za vifurushi si halali, kwa sababu kwa hesabu yake zilitiwa katika wakati ambao haujafika. Tovuti zinakataliwa kwa kuwa vyeti vyake havijaanza kutumika. Ukaguzi wa diski unalalamika kwamba mfumo wa mafaili uliandikwa mara ya mwisho katika siku zijazo. Fundi anaweza kubadili mtandao, kupakua upya mafaili na kulaumu diski, ilhali amri moja ya kuonyesha tarehe ingemaliza shauri, na betri yenyewe ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa.

Chipu za kumbukumbu zilizochakaa nazo husema kwa mafumbo, na kuna kanuni moja ya kuzifasiri. Usakinishaji ukirudiwa mara tatu na ukakwama mahali pale pale mara zote tatu, kisa kiko katika programu, katika chombo cha kusakinishia au katika mahali fulani pa diski. Ukikwama kila mara mahali tofauti, kwa ujumbe tofauti, kisa kwa kawaida kiko katika kumbukumbu, joto au umeme. Kipimo cha memtest86+ kikiachwa kifanye kazi usiku kucha hutoa jibu lenye kuaminika. Kanuni hii inadai kwamba kila ujumbe unakiliwe, neno kwa neno, na hapo ndipo madaftari mengi ya mafundi hushindwa.

7. Nini kitafsiriwe, na nini kiachwe

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili. Tangu hapo menyu na vitufe vimeendelea kutafsiriwa, na mifumo ya Linux inayo mipangilio ya lugha ya Kiswahili kwa Kenya na kwa Tanzania. Mjadala wa istilahi umejikita zaidi katika nomino za vifaa: kompyuta, tarakilishi au ngamizi; kipanya au puku. Mjadala huo una utamu wake, lakini hakuna kompyuta iliyowahi kutupwa kwa sababu mtu aliiita ngamizi.

Kauli za kiini zenyewe hazina mpango wa kutafsiriwa. Zimeandikwa kwa Kiingereza ndani ya programu, na kuna sababu ya busara ya kuziacha hivyo: kauli ni funguo ya kutafutia, na fundi anayeinakili kama ilivyo huweza kuilinganisha na kauli za mafundi wengine duniani. Ikitafsiriwa kwa namna tatu katika nchi tatu, funguo hiyo inavunjika. Kinachohitajika ni ufafanuzi wa Kiswahili unaowekwa chini ya kauli asilia, ukisema ni nani anayezungumza, kipi kimefaulu kabla ya hapo, na kipi kinafuata kukaguliwa.

Ili ufafanuzi huo uandikike, istilahi chache zinahitaji kutenganishwa kwa makubaliano. Neno kiendeshi libaki kwa programu pekee, na kifaa kiitwe diski. Kumbukumbu ibaki kwa chipu. Nafasi ya kudumu iitwe hifadhi, na daftari la matukio liitwe daftari. Kuwaka kutenganishwe na kupakia: kompyuta inawaka inapopata umeme, mfumo unapakiwa kutoka kwenye diski. Na "haikupatikana" isitumike pale asilia inaposema kwamba kitu kimeonekana ila hakikufunguka, kwa sababu namba 15 na namba 17 za GRUB ya kale zilikuwa mbili kwa makusudi.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yana uwezo wa kulisukuma hilo, lakini kuna hatua isiyosubiri kikao chochote. Fomu za kukagua mali za shule na halmashauri kwa kawaida huwa na safu ya hali yenye majibu mawili, nzima au mbovu. Safu hiyo ikiongezewa mistari miwili mitupu, mmoja wa kuandika maneno ya mwisho yaliyoonekana kwenye skrini kama yalivyo, na mwingine wa kuandika tarehe ambayo kompyuta yenyewe ilionyesha, afisa anayeamua nini kipigwe mnada atakuwa na cha kusoma, na fundi atakayeipokea mashine hatalazimika kuanzia kwenye neno moja.